Kupima methani inayonata kwenye kaboni ya mwamba sheli: njia ya ujazo au mizani ya sumaku?

Sheli ni tope la kale lililogandamizwa likawa jiwe lenye tabaka nyembamba. Ile yenye mabaki mengi ya viumbe ndiyo mwamba mama: humo ndimo mafuta na gesi vilimopikwa, na sehemu ya gesi hiyo haikutoka kamwe. Anayetaka kujua kaboni ya mwamba huo inashika methani kiasi gani ana vifaa viwili vikubwa vya kuchagua. Cha kwanza hupima shinikizo ndani ya vyumba vya chuma vyenye ujazo unaojulikana. Hapa tutakiita njia ya ujazo. Cha pili hupima uzito wa sampuli ikiwa imezungukwa na gesi, kwa mizani inayoning'iniza kikapu kwa sumaku.

Wauzaji hushindana kwa ukali wa vihisio: huyu anajisifia mikrogramu, yule anajisifia sehemu ya asilimia ya shinikizo. Kwa sheli, tatizo haliko hapo. Njia zote mbili hutoa namba kubwa kwenye namba nyingine kubwa, na jibu ni kile kidogo kinachobaki. Anayeujua vizuri ujazo wa sampuli yake atapata jibu la kuaminika kwa kifaa chochote kati ya hivi viwili. Asiyeujua atapata mchoro laini, wa kupendeza, na wa uongo. Kwa hiyo chaguo lianzie kwenye sampuli: una gramu ngapi, ina maji au imekauka, inashika gesi kidogo au nyingi, na shinikizo la huko chini ni lipi.

Methani inashikwaje

Mabaki ogania yaliyokaa mwambani na yasiyoyeyuka kwenye viyeyushi vya kawaida huitwa kerojeni. Kerojeni iliyokomaa, yaani iliyopikwa vya kutosha na joto la ardhini, imejaa vitundu, vingi vikiwa na upana usiofika nanometa 2. Molekuli ya methani ina kipenyo cha karibu nanometa 0.38, hivyo ikiwa ndani ya kitundu cha nanometa 1 huvutwa na kuta mbili kwa pamoja. Mvuto wenyewe ni dhaifu. Joto linalotoka methani inaponata ni takriban kilojuli 10 hadi 25 kwa moli, ilhali kuvunja kifungo kimoja cha kaboni na hidrojeni katika methani hiyohiyo hudai zaidi ya kilojuli 430. Hakuna kifungo cha kikemia hapa: punguza shinikizo, au pandisha joto, gesi inaachia.

Pamoja na gesi iliyonata kuna gesi huru inayojaza vitundu vikubwa na nyufa, na kuna kiasi kilichoyeyuka ndani ya kerojeni na lami asilia. Vifaa vyetu haviwezi kutenganisha iliyonata na iliyoyeyuka. Vyote viwili huzihesabu pamoja.

Asilimia ya kaboni ogania peke yake haitoshi kutabiri jibu. Kwa ukomavu uleule, kerojeni ya aina ya III, iliyotokana na mimea ya nchi kavu, kwa kawaida hushika methani nyingi zaidi kwa kila gramu ya kaboni kuliko aina ya II ya baharini, nayo ya II huizidi aina ya I ya mwani wa maziwani. Ukomavu ukiongezeka, vitundu vipya hufunguka na kaboni hujipanga katika pete, na methani huanza kunata kwa wingi kwenye shinikizo la chini zaidi. Miamba miwili yenye kaboni ya 4% inaweza basi kutoa majibu yaliyo mbali sana.

Jambo la mwisho kabla ya vifaa, nalo ndilo huwapotosha wengi. Kinachopimwa si gesi yote iliyonata bali *ziada*: kiasi cha gesi kinachozidi kile ambacho kingekuwepo kama nafasi ileile ingejazwa gesi huru tu. Kwenye shinikizo dogo tofauti haionekani. Shinikizo likipanda, gesi huru nayo husongamana, ziada hufika kilele, kwa sheli nyingi mahali fulani kati ya megapaskali 8 na 15, kisha huanza kushuka. Kushuka huko si hitilafu ya kifaa. Maabara inayokupa mchoro unaopanda tu hadi megapaskali 25 ama imeshageuza ziada kuwa kiasi kamili (gesi yote iliyonata) bila kukuambia, ama ina kosa la ujazo.

Njia ya ujazo

Kifaa chenyewe ni rahisi: chumba cha rejea, chumba cha sampuli, vali kati yao, kihisio cha shinikizo, pampu ya ombwe, na hodhi au tanuri linaloshikilia halijoto moja. Fundi mzuri wa mabomba ya shinikizo anaweza kukiunda, na ndiyo maana maabara nyingi zinacho.

Kazi huenda hivi. Sampuli ya gramu 50 hadi 150 huwekwa chumbani, hewa huondolewa, kisha mfumo mzima hujazwa heliamu hadi shinikizo la juu utakalotumia na kuachwa saa 24 ili kuona kama unavuja. Heliamu hiyohiyo hutumika kupima ujazo mtupu, yaani nafasi yote isiyo jiwe ndani ya chumba cha sampuli. Heliamu hutolewa. Methani safi, 99.995% au zaidi, hujazwa chumba cha rejea, unangoja dakika 10 hadi 20, kwa sababu gesi inayosukumwa kwa nguvu hupata joto, unasoma shinikizo, unafungua vali, unangoja hadi shinikizo litulie. Tofauti kati ya gesi uliyoingiza na gesi huru iliyobaki ndiyo iliyonata. Unarudia, hatua kwa hatua.

Sasa hesabu. Gramu 100 za sheli zinazoshika milimoli 0.1 kwa gramu zimeshika milimoli 10. Ujazo mtupu tuseme ni sentimita za ujazo 60. Kwa megapaskali 10 na 45 °C, densiti ya methani ni karibu kilo 70 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo nafasi hiyo ina gesi huru ya milimoli 260 hivi. Ukikosea ujazo mtupu kwa 1% tu, umekosea milimoli 2.6. Hiyo ni robo ya jibu lako.

Ndiyo sababu nafasi tupu inayobaki juu ya unga hujazwa kipande cha chuma cha pua au gololi. Ukiushusha ujazo mtupu kutoka 60 hadi 35, kosa lilelile la 1% linakuwa milimoli 1.5. Hakuna uboreshaji wa bei nafuu kuliko huo, na inashangaza ni wangapi hawaufanyi.

Makosa mengine:

- Kihisio cha 0.05% ya kipimo chake chote, kikiwa cha megapaskali 35, kinaweza kukosea kilopaskali 17.5. Katika ujazo wa 60 hiyo ni milimoli 0.4. Kwenye kilele utaivumilia. Kwenye nukta za kwanza, ambapo zimenata milimoli 2 tu, ni sehemu moja ya tano ya jibu, na ukihesabu mchango wa chumba cha rejea ni zaidi. Weka kihisio cha pili cha shinikizo dogo, au nunua cha 0.01%.
- Tofauti ya 1 °C kati ya vyumba viwili hula karibu sehemu moja ya kumi ya jibu. Lenga tofauti isiyozidi 0.1 °C, na kumbuka mirija na vali zinazochomoza nje ya hodhi.
- Mlinganyo wa gesi bora (gesi ya kinadharia ambayo molekuli zake hazivutani) haufai kabisa hapa: kwa megapaskali 10 densiti halisi inazidi ile ya gesi bora kwa zaidi ya 10%. Densiti ya methani ichukuliwe kwenye mlinganyo wa Setzmann na Wagner wa mwaka 1991.
- Makosa hurithiwa. Kila hatua huanza na hesabu ya hatua iliyotangulia, hivyo nukta ya kumi imebeba makosa ya tisa zilizopita. Hatua chache zenye mruko mkubwa wa shinikizo ni bora kuliko nyingi ndogondogo.
- Uvujaji mdogo hufanana kabisa na unataji wa polepole. Kama shinikizo halitulii hata baada ya saa nyingi, shuku kiungo cha bomba kabla ya kuandika kwamba gesi inapenya kerojeni taratibu.

Mizani ya sumaku

Hapa kikapu cha sampuli hukaa ndani ya chumba cha shinikizo, kikining'inia kwenye sumaku ya kudumu. Sumaku ya umeme iliyo nje ya ukuta huibeba ile ya ndani, na mizani yenyewe iko nje kabisa, kwenye hewa ya kawaida. Ukali wake ni wa mikrogramu 10 hivi. Modeli nyingi huwa pia na kizamisho cha titani chenye ujazo unaojulikana: ukikipima ndani ya gesi, upungufu wa uzito wake unakupa densiti ya gesi moja kwa moja, bila mlinganyo wowote.

Huanzwa na kikapu kitupu ndani ya gesi kwa shinikizo mbalimbali, ili kupata uzito na ujazo wa kikapu na ndoano. Kisha sampuli huwekwa, hukaushwa papo hapo kwa ombwe na joto hadi uzito usitikisike, heliamu hupimwa kwa ajili ya ujazo wa sampuli, na mwisho methani. Kila nukta inajitegemea: unasoma uzito, unasoma shinikizo, basi. Uvujaji mdogo hauleti kosa, kwa kuwa hapa hakuna haja ya kuhesabu gesi iliyoingia. Na unaona uzito ukipanda dakika kwa dakika, kitu kinachokupa mwendo wa gesi ndani ya chembe.

Mikrogramu 10 zinavutia, lakini tufanye hesabu ileile. Gramu 5 za sheli yenye densiti ya 2.6 zina ujazo wa sentimita za ujazo 1.92. Zikiwa ndani ya gesi ya kilo 70 kwa mita ya ujazo, nguvu ya kuelea inazipunguzia uzito wa miligramu 135. Methani iliyonata, milimoli 0.5, ina miligramu 8 tu. Kosa la 1% katika ujazo wa sampuli ni miligramu 1.35, yaani 17% ya jibu. Ni bora kuliko robo, ila si kwa kiasi ambacho tangazo la mikrogramu lingekufanya utarajie.

Kinachoharibu zaidi ni vumbi. Ukifungua gesi kwa kasi, unga huruka kutoka kikapuni, uzito hushuka, na kila nukta inayofuata iko chini ya inavyostahili. Pandisha shinikizo polepole, funika kikapu kwa wavu mwembamba wa chuma, na mwisho wa kazi rudisha ombwe upime tena: uzito usiporudi ulipoanzia, kipimo hicho hakina thamani. Mizani nayo huhama taratibu, kwa hiyo sifuri irudiwe kabla ya kila nukta.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Ujazo | Mizani |
|---|---|---|
| Sampuli ya sheli | gramu 50–150 | gramu chache, mara nyingine 10 |
| Kosa la ujazo la 1% kwa megapaskali (MPa) 10 (mfano wa juu) | 26%, au 15% ukijaza nafasi | 17% |
| Makosa kutoka nukta hadi nukta | hujumlika | hayajumliki |
| Uvujaji mdogo | huharibu jibu | hauna madhara makubwa |
| Sampuli yenye unyevu | inawezekana | ngumu sana |
| Shinikizo la juu, MPa 25 na zaidi | rahisi kuunda | inahitaji modeli maalumu |
| Ununuzi na matengenezo | nafuu | ghali, huhitaji mtaalamu |

Heliamu ni mtego wa njia zote mbili. Kipenyo chake ni nanometa 0.26, kwa hiyo huingia vitundu ambavyo methani haifiki, na kwenye kerojeni huweza yenyewe kunata kidogo. Ujazo mtupu huonekana mkubwa kuliko ulivyo, ujazo wa jiwe huonekana mdogo, na njia zote mbili hupunja jibu, wakati mwingine hadi kuonyesha namba hasi kwenye shinikizo kubwa. Ukiona hasi, usifute nukta hizo. Rudia heliamu kwa halijoto ileile ya methani na kwa shinikizo kadhaa. Ujazo unaobadilika shinikizo linapobadilika unakuambia heliamu inanata au kihisio kimepinda.

Maji ndiyo huamua mara nyingi

Maabara kadhaa za nchi mbalimbali zilipopima sampuli zilezile za sheli na kuchapisha matokeo mwaka 2014, michoro haikulingana vizuri, na jinsi sampuli zilivyokaushwa ilikuwa miongoni mwa sababu. Haishangazi. Gramu 100 zenye maji ya 1% zina milimoli 56 za maji, dhidi ya milimoli 10 za methani tunazotafuta. Maji hukaa hasa kwenye madini ya mfinyanzi na huziba njia za kuingilia vitundu. Kerojeni hailowi kirahisi, ndiyo maana hubaki ikishika gesi hata mwamba ukiwa na unyevu.

Kwa sampuli kavu, saga hadi milimita 0.18–0.25 hivi. Ukisaga vumbi laini kabisa unafungua vitundu ambavyo mwambani vimefungwa, na vali zako zitalijua hilo; ukiacha vipande vikubwa, kila nukta itangoja siku nzima. Kausha kwa 105 °C chini ya ombwe kwa saa 24. Joto likizidi sana hapo, mwamba usiokomaa hupoteza lami nyepesi, na hapo unapima kitu kingine.

Kama unataka hali iliyo karibu na ya kisimani, sampuli iwekwe kwenye chombo kilichofungwa chenye mmumunyo ulioshiba wa potasiamu salfeti, ambao kwa 30 °C hushikilia unyevu wa hewa wa karibu 97%, na ipimwe uzito kila siku hadi itulie. Sampuli hiyo peleka kwenye njia ya ujazo. Kwenye mizani, maji ya 1% katika gramu 5 ni miligramu 50. Yakivukiza robo tu wakati wa kipimo, yameimeza methani yote. Hata kwenye njia ya ujazo usiweke ombwe refu: suuza kwa heliamu mara kadhaa badala yake, na upime unyevu tena mwishoni.

Mwamba mzima au kerojeni iliyotengwa

Kutenga kerojeni ni kuyeyusha kaboneti kwa asidi hidrokloriki na silikati kwa asidi hidrofloriki. Hiyo ya pili hupenya ngozi na kuua. Kazi hii haifanywi bila kabati la moshi, glavu maalumu na jeli ya kalsiamu glukoneti iliyo karibu na mkono. Faida yake ni kwamba kerojeni hushika methani mara nyingi zaidi kwa gramu kuliko mwamba mzima, hivyo hata gramu moja au mbili kwenye mizani hutoa ishara iliyo wazi. Hapa mizani inashinda bila ubishi, kwa kuwa kupata gramu 50 za kerojeni ni kazi ya kuvunja moyo.

Lakini usizidishe jibu hilo kwa asilimia ya kaboni ukadhani umepata la mwamba. Kwanza, kaboni ya 4% si kerojeni ya 4%. Ni karibu 5%, kwa kuwa kerojeni ina hidrojeni, oksijeni na salfa pia. Pili, pairiti haiyeyuki kwa asidi hizo na hubaki ikiongeza uzito. Tatu, mfinyanzi uliouyeyusha nao ulikuwa ukishika gesi yake. Kutenga kunafaa anayelinganisha aina na ukomavu wa kerojeni, si anayekadiria gesi ya kitalu.

Kugeuza ziada kuwa kiasi kamili

Ziada hugawanywa kwa (1 − densiti ya gesi ÷ densiti ya methani iliyonata). Hii ya pili haipimiki moja kwa moja. Watu hutumia kilo 373 kwa mita ya ujazo au 422, ambayo ni densiti ya methani kimiminika kwenye kiwango chake cha kuchemka. Kwa megapaskali 10 na 45 °C kizidisho ni 1.23 au 1.20, tofauti ndogo. Kwa megapaskali 25 ni karibu 1.8 au 1.65. Kwa hiyo unapolinganisha matokeo ya maabara mbili, linganisha ziada na ziada. Mlinganyo wa Langmuir wa mwaka 1918, unaoeleza jinsi gesi inavyonata kadiri shinikizo linavyopanda, nao uingizwe densiti hiyo ndani yake. Ukiupitisha juu ya ziada ghafi iliyofika kilele, utalazimisha mstari mahali usipofaa.

Uchague kipi

Una mwamba mwingi, unataka shinikizo la kisimani au sampuli yenye unyevu: njia ya ujazo, na nafasi tupu ijazwe chuma. Una vipande vichache, kerojeni iliyotengwa, au unataka kuona mwendo wa gesi kwa muda: mizani. Mwamba wenye kaboni chini ya 1% hivi, unaoshika tuseme milimoli 0.03 kwa gramu, utavishinda vifaa vyote viwili mpaka ujazo ujulikane kwa 0.2% au chini. Kwa kosa la 1%, mfano wetu wa njia ya ujazo ungekuwa na kosa la milimoli 2.6 kwenye jibu la milimoli 3.

Na kama swali lako ni gesi ngapi imo mwambani sasa hivi, si ngapi mwamba unaweza kushika, usinunue kimojawapo. Mche wa mwamba ukitoka kisimani hufungwa ndani ya kopo la chuma lenye joto la kisimani, gesi inayotoka hupimwa kwa wiki kadhaa, na ile iliyopotea njiani hukadiriwa kwa kuchora ujazo dhidi ya kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha muda na kurudisha mstari nyuma hadi sifuri. Mwisho mche husagwa ili itoke iliyosalia. Kwa sheli makadirio ya gesi iliyopotea ndiyo sehemu dhaifu, kwa sababu gesi huru hukimbia mapema mche ukiwa bado unapandishwa.

Kabla ya kulipia kipimo chochote, omba jaribio tupu: methani ileile, halijoto ileile, shinikizo lilelile, lakini badala ya sheli ziwekwe gololi za chuma zenye ujazo unaokaribiana na wa sampuli. Jibu linapaswa kuwa sifuri. Kiasi linachopotoka, ukikigawa kwa uzito wa sampuli yako, ndicho kosa halisi la kifaa hicho kwa kazi yako. Likizidi milimoli 0.005 kwa gramu kwa sheli ya kawaida, tafuta maabara nyingine.